Uzi: Kwa nini nyimbo za The Sound of Music za kwenye TV ya zamani hazikai kwenye kinanda?

#1 Besi_ya_Pili
Wakuu, salaam. Nawaita walimu wa kwaya na mafundi wa video.

Chukua The Sound of Music, ile filamu ya nyimbo ya 1965, kama ilivyosikika kwenye TV na kanda za miaka ya themanini na tisini, kisha ujaribu kuifuata na kinanda. Haikai. Ukibonyeza doh, kanda iko juu ya kitufe. Ukihamia kitufe kinachofuata, kanda iko chini yake. Faili za sasa za mtandaoni zinakaa bila shida. Mwendo nao umebadilika: Do-Re-Mi ya kwenye TV ilikuwa inakimbia kidogo, hii ya sasa inatembea.

Dai langu: hizi za sasa zimeshushwa, ile tuliyokua nayo ndiyo halisi. Anayepinga aje na vipimo. Nawasilisha.

#2 Zumari
Naweka kambi hapa. Filamu ambayo nusu ya nchi inaimba "do re mi" yake bila kujua hata jina la nahodha.

#3 FundiDeki
Mkuu, umeushika mkia ukadhani ni kichwa. Iliyopandishwa ni ya TV.

Filamu ya sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. TV zetu za Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata mfumo wa PAL, ambao ni fremu 25. Wazungu wa studio walipokuwa wanahamisha filamu kwenda kwenye kanda ya PAL hawakuhangaika: waliizungusha filamu kwenye mashine ya telesine kwa fremu 25 badala ya 24, basi. Kila kitu kinakwenda haraka kwa asilimia 4.17, picha na sauti pamoja.

25 gawanya kwa 24 ni 1.0417. Kwa muziki hiyo ni kama sehemu 71 ukiigawa nusu toni (hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata) katika sehemu 100. Nota A ya hezi 440 inakuwa 458.3, wakati A# ni 466.2. Ndiyo maana huipati kwenye kitufe chochote, imekaa katikati.

Kipimo cha pili hakihitaji masikio. Filamu ina dakika 174. Zidisha kwa 24, gawanya kwa 25, unapata 167. Angalia kanda yako inaisha dakika ya ngapi, ukiondoa matangazo.

#4 Besi_ya_Pili
@FundiDeki hiyo 167 naikubali, kanda inaisha karibu na hapo. Lakini soma swali tena. Nimepima kaseti ya sauti iliyorekodiwa kutoka kwenye TV. Haijapanda sehemu 71, imepanda kama 110. Yaani imepita nusu toni nzima na chenji. Hizo nyingine zimetoka wapi?

#5 Mzee_wa_Santuri
Jamani, kabla ya kuilaumu TV, mnalinganisha na nini? Wengi sauti "halisi" waliyonayo kichwani ni ya santuri ya RCA Victor ya mwaka 1965. Na gramafoni nyingi zilizoletwa kutoka Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60. Mota ya aina ile hufuata mzunguko wa umeme, haifuati volti. Ukiiweka kwenye hezi 50 zetu, hata ukiwa na transfoma ya kushusha volti, inazunguka kwa 50/60, yaani santuri ya 33⅓ inakwenda kama 27.8. Hiyo ni kushuka zaidi ya nusu toni tatu! Julie Andrews, mwimbaji mkuu wa filamu, anakuwa alto wa kanisani.

Dawa yake ni kubadilisha puli ya mota iwe nene kwa uwiano wa 6 kwa 5. Wengi walinunua transfoma wakadhani wamemaliza.

#6 FundiDeki
@Mzee_wa_Santuri hilo kweli kabisa, ila mleta uzi kalinganisha na kinanda. Kinanda hakina puli.

#7 Mzee_wa_Santuri
Basi nimejibu swali ambalo halijaulizwa. Libaki hapo, litamfaa mwingine.

#8 Kiparapara
Nadhani mnazunguka mbuyu. Kanda za VHS zinavutika. Ikichezwa mara mia mbili na watoto inarefuka, kichwa kinasoma vibaya, sauti inabadilika. Basi.

#9 FundiDeki
@Kiparapara hapana mkuu, hapo umechapia. Kwenye VHS kasi haiamuliwi na urefu wa kanda. Pembeni mwa kanda kuna mstari mwembamba wenye mapigo ya udhibiti yaliyoandikwa wakati wa kurekodi. Deki inayahesabu na kuisukuma kanda ili mapigo yaje kwa wakati wake. Kanda ikirefuka, mapigo yanaachana, deki inaongeza kasi ya kuivuta, na sauti inarudi pale pale. Kinachotokea kanda ikiharibika ni hiki:
- picha inakuwa na mstari wa chenga juu au chini, wa kurekebisha kwa kitufe cha traking;
- rola ya mpira ikichakaa au ikipata mafuta, sauti inayumba kama mlevi, juu chini juu chini;
- ukingo wa kanda ukikunjwa, sauti inafifia kwa sababu njia ya sauti ya kawaida iko pembeni kabisa.

Hakuna hata moja linalopandisha wimbo wote kwa kiwango kile kile mwanzo hadi mwisho.

#10 Kiparapara
Sawa, nimekaa chini. Lakini sijaondoka.

#11 BintiMizingani
Kuna jambo mnaliruka. Ile filamu ilipigwa kwa Todd-AO, mfumo wa filamu pana, na Todd-AO ni fremu 30 kwa sekunde, si 24. Sasa hesabu yote ya 25/24 inaanguka. Kutoka 30 kwenda 25 ingekuwa kushuka.

#12 Projekta70
@BintiMizingani nusu ya kweli. Todd-AO ilianza na fremu 30, lakini ni filamu mbili tu zilizotumia kasi hiyo: Oklahoma! ya 1955 na Around the World in 80 Days ya 1956. Kuanzia South Pacific ya 1958 wakahamia 24, kwa sababu kumbi za kawaida zilizokuwa zinapata nakala za milimita 35 zisingeweza kuonyesha 30. The Sound of Music ni ya 1965. Ni 24.

Kilichobaki cha Todd-AO ni upana: hasi ya milimita 65, nakala ya 70, na njia sita za sauti ya sumaku. Na hapo ndipo TV ilipotuibia kuliko hata kwenye sauti. Picha ya sinema ina uwiano wa 2.20 kwa 1. TV ya kioo cha kizamani ni 1.33 kwa 1. Ukijaza kioo chote unapoteza karibu asilimia 40 ya upana. Watoto saba wakisimama mstari mmoja, fundi wa telesine anachagua: aonyeshe wakubwa au wadogo. Ndiyo maana kwenye kanda Gretl, yule mdogo kuliko wote, anapotea na kurudi kama kivuli, na ghafla picha inateleza pembeni bila kamera kusogea. Huo mtelezo haumo kwenye filamu. Umeongezwa.

#13 BintiMizingani
Ahsante kwa sahihisho. Kumbe yule mtoto hakuwa anatoroka kazi.

#14 Sopranino
Mimi natoka upande wa kwaya. Tuache fremu kidogo tutazame wimbo wenyewe, kwa sababu kuna sehemu ya Do-Re-Mi ambayo kwaya za watoto huiharibu halafu lawama zinaenda kwenye kanda.

Mistari minne ya mwanzo ya ngazi haina shida, kila mmoja unaanza na nota yake. Mstari wa soh nao ni wa kawaida: s, d r m f s l. Tatizo linaanza kwenye lah. Pale si fah ya kawaida, ni fah iliyopandishwa: l, r m fe s l t. Na mstari wa te una mbili: t, m fe se l t d'. Aliyenakili kwa sikio akaandika f na s tupu, watoto wanaimba chini ya ala kwenye nota hizo, na kila mtu anasema "kanda iko juu".

Kufundisha: waimbe kwanza d r m f s l kama ngazi. Kisha waambie ngazi ile ile inahamishwa, sasa doh mpya ni r. Wakiimba ngazi ileile kuanzia r, fe inakuja yenyewe. Hamisha tena kuanzia m, fe na se zote zinakuja zenyewe; nota ya mwisho tu uwakumbushe ibaki d'. Usiwafundishe fe kama nota ngeni, watatishika.

#15 Besi_ya_Pili
@Sopranino hilo la fe na se ni sahihi, na nimeliona kwenye makaratasi mengi yaliyonakiliwa. Ila mimi nimepima kwa mashine, si kwa kwaya ya watoto.

#16 Mwalimu_Bukavu
Jambo kwenu kutoka Bukavu. Sisi huku hatuna "te". Tunasema do ré mi fa sol la si, na do ni C siku zote, haihami. Kwa hiyo mwalimu akisema "doh ni G" mtoto wa Kongo anauliza: kwa nini usiseme sol?

Halafu kanda zenu za PAL huku zilikuwa na taabu nyingine. Kongo na Burundi tulikuwa na mfumo wa TV wa SECAM kama Ufaransa. Kanda ya PAL kwenye deki na TV ya SECAM peke yake: picha inatoka, sauti nzuri, rangi hakuna. Wengi waliijua filamu hii kwa rangi nyeusi na nyeupe wakaamini ni ya zamani zaidi kuliko ilivyo.

#17 NotaTatu
@Mwalimu_Bukavu hiyo te ina historia. Nota "si" ndiyo ya zamani kuliko te. Guido wa Arezzo, karne ya 11, alichukua nota sita kutoka kwenye utenzi wa Kilatini, na ut badala ya do; "si" iliongezwa baadaye kutoka utenzi huohuo. Ikaja kubadilishwa Uingereza karne ya 19 na Sarah Glover wa Norwich, kisha John Curwen akaisambaza. Sababu ni ya kiuandishi: wao waliandika nota kwa herufi moja, na soh na si zote zinaanza na s. Wamisionari wa Kiingereza wakaleta mfumo wa Curwen, na ndiyo d r m f s l t tunayoandika kwenye daftari za kwaya mpaka leo, na nukta mbili katikati ya mapigo. Filamu inatumia ti kwa sababu Wamarekani nao walichukua hiyo.

SECAM na PAL zote ni fremu 25, kwa hiyo hata huko Bukavu wimbo ulikuwa juu vilevile. Rangi ndiyo iliyopotea, kasi ilibaki.

#18 Mwalimu_Bukavu
Kumbe tuliibiwa rangi na bado hatukupewa sauti sahihi. Sawa.

#19 Kiparapara
Nimerudi. Nadharia mpya: vituo vya TV viliharakisha filamu makusudi ili vipate nafasi ya matangazo. Hiyo ndiyo ziada ya mleta uzi.

#20 Projekta70
Marekani mchezo huo ulikuwepo, ila mashine za kubana muda walizotumia zilikuwa zinarudisha sauti kwenye kimo chake. Ungeona mwendo umeongezeka, sauti isingepanda.

Na kwa filamu hii hasa, Wamarekani walikata, hawakuharakisha. ABC waliionyesha mara ya kwanza tarehe 29 Februari 1976. NBC wakaichukua kuanzia 1979 na kwa miaka mingi waliipunguza ili itoshee saa tatu pamoja na matangazo. Nzima nzima waliirusha mwaka 1995, kwa saa nne. Waingereza waliiona BBC 1 siku ya Krismasi 1978, na wao ni PAL, kwa hiyo kila Mwingereza wa umri fulani naye ana nyimbo hizi kichwani zikiwa juu kwa sehemu 71.

#21 FundiDeki
Niongeze la kanda za Marekani, maana zililetwa nyingi na ndugu. Kanda ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, inakwenda kasi zaidi, sentimita 3.335 kwa sekunde, ya PAL ni 2.339. Kanda ya T-120 ya Marekani ina saa mbili tu kwa kasi ya kawaida, ndiyo maana filamu hii kwao ilikuja kwa kanda mbili kwenye boksi moja. Kanda ya E-180 ya PAL ina mita 258, saa tatu na dakika chache, ikabeba 167 zote bila kukatwa.

Ukiweka ile ya NTSC kwenye deki ya PAL ya kawaida: picha inazunguka wima, nyeusi na nyeupe, sauti inaenda mwendo wa kobe. Kwa hiyo ziada ya mleta uzi haiwezi kutoka huko, huko kungeshusha.

Na deki zilizotoka Uingereza mkiziunga kwa waya wa antena mlikuwa mnapata picha safi na sauti ya shshshsh. Uingereza sauti iko megahezi 6 kutoka kwenye picha, sisi wa mfumo B ni 5.5. Ungeni kwa waya za AV, njano na nyeupe, tatizo linaisha.

#22 Zumari
Uzi mmoja nimejifunza gramafoni, deki, kwaya na Ufaransa. Hebu mtuambie na lile la milima. Mwisho wa filamu familia inavuka milima kwenda Uswisi; ilikuwa hivyo kweli?

#23 BintiMizingani
Hapana. Nahodha mwenyewe, Georg von Trapp, na familia waliondoka kwa treni mwaka 1938, wakaenda Italia. Yeye alizaliwa Zadar, mji uliokuja kuwa wa Italia baada ya Vita vya Kwanza, kwa hiyo alikuwa na uraia wa huko. Na kutoka Salzburg, ukipanda mlima ulio karibu hufiki Uswisi, unatua Ujerumani, jirani na nyumba ya Hitler kule Obersalzberg. Hata kile kilima cha mwanzo wa filamu, Mehlweg, kiko upande wa Bavaria.

Watoto saba ni kweli, wa mke wa kwanza, lakini majina na umri vimebadilishwa. Na ndoa yake na Maria ilikuwa 1927, miaka kumi na moja kabla ya kuondoka.

#24 Sopranino
Na sauti ya nahodha kwenye nyimbo si ya Christopher Plummer aliyemwigiza, aliyeimba ni Bill Lee. Mkuu wa watawa naye, Peggy Wood, aliimbiwa na Margery McKay. Sauti za watoto ziliongezewa waimbaji wengine wadogo, na ile nota ya juu kabisa ya Kurt, mmoja wa wavulana, anapoaga wageni aliimba Darleen Carr, mdogo wake Charmian Carr aliyecheza Liesl.

Hapo panaweza kuwa na jibu pia: nyimbo zilirekodiwa kwanza studio, wakacheza juu yake. Labda zilichezwa haraka wakati wa kupiga picha?

#25 Projekta70
@Sopranino wakicheza haraka uwanjani, midomo isingelingana na ile sauti ya studio kwenye nakala ya mwisho. Inalingana. Na faili za mtandaoni za filamu ileile zinakaa kwenye kinanda, mleta uzi kasema mwenyewe. Kwa hiyo si suala la okestra ya Irwin Kostal kutunia juu, wala si uwanja wa Salzburg. Ziada imeingia baada ya TV.

#26 FundiDeki
Sasa turudi #4. Sehemu 110 toa 71 zinabaki 39. Hiyo ni kasi ya ziada ya asilimia 2.3. Namba hiyo kwa fundi wa redio kaseti ni rafiki wa zamani.

Sababu mbili. Ya kwanza, betri. Ukirekodi kwa betri zilizochoka, mota inaenda taratibu. Ukija kucheza kwa umeme au betri mpya, kila kilichorekodiwa kinapanda. Watu walirekodi kutoka spika ya TV kwa redio ya betri sita.

Ya pili, redio inayocheza sasa inaenda haraka. Nyuma ya mota kuna tundu dogo, ndani yake skrubu. Bisibisi nyembamba, usiguse kingo, robo mzunguko inatosha kubadilisha kasi kwa asilimia kadhaa. Fundi wa kweli anatumia kaseti ya majaribio yenye sauti ya hezi 3000 au 3150. Fundi wa mtaani anatumia wimbo anaoupenda.

#27 Kiparapara
Na yeye wimbo anaoupenda ni wa kwenye PAL! Kwa hiyo alirekebisha redio zote za mtaa ziende juu.

#28 FundiDeki
@Kiparapara leo umesema jambo.

#29 NotaTatu
Kuna njia ya kutenganisha betri na mota na PAL bila kubishana. Tafuta mngurumo wa umeme kwenye kaseti.

TV na deki hutoa mngurumo wa hezi 50 na zaidi wa 100. Mngurumo huo haukuwemo kwenye filamu, umeingia wakati wa kurekodi kwa kaseti, kwa hiyo PAL haiugusi. Ukisoma 100 kamili, kaseti iko sawa na ziada ni ya mahali pengine. Ukisoma 102.3, kaseti ndiyo mwizi.

Hatua: ingiza sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Chagua sekunde kumi za kimya, kabla ya wimbo kuanza au watawa wanapotembea bila kuzungumza. Fungua uchambuzi wa masafa, weka ukubwa wa dirisha 65536, la sivyo huoni tofauti ya hezi moja. Tazama kilele karibu na 100.

#30 Besi_ya_Pili
Nimefanya. Kilele kiko 101.2.

#31 NotaTatu
Hiyo ni asilimia 1.2, kama sehemu 21. Kwa hiyo 71 za PAL, 21 za kaseti, zinabaki 18 hazina mwenyewe.

#32 Kiparapara
18 ni zangu. Kanda ilivutika.

#33 FundiDeki
@Kiparapara VHS haivutiki sauti, nimekuambia #9. Ila kaseti ya sauti haina mapigo ya udhibiti! Hiyo ikivutika kweli inabadilika. Tatizo ni kwamba ikirefuka inashusha, haipandishi.

#34 Kiparapara
Basi ilisinyaa.

#35 Mzee_wa_Santuri
Mnasahau kwamba hezi 50 za umeme wetu si hezi 50. Mzigo ukizidi jioni, jenereta zinalemewa na mzunguko unashuka. Na filamu kama hii huonyeshwa jioni au sikukuu, kila nyumba imewasha. Kama siku ile umeme ulikuwa 49.5, mngurumo wa kweli ulikuwa 99. Leo unausoma 101.2. Gawanya: 1.022. Hiyo ni sehemu 38, yaani ziada yote ya 39 imekwisha.

#36 NotaTatu
Hesabu ni safi, lakini umechagua 49.5 kwa sababu inakupa jibu. Ingeweza kuwa 50.2. Ukitaka kunishawishi, nionyeshe kitu kingine kwenye kaseti ile ile chenye masafa yanayojulikana. Mlio wa saa wa redio, kwa mfano, kama ulinaswa upande wa pili.

#37 Besi_ya_Pili
Upande wa pili kuna mahubiri.

#38 Projekta70
Kwa wanaotaka tu kurekebisha, kosa la kawaida ni hili. Mtu ana faili la PAL, anatumia programu ya ffmpeg na amri ya atempo=0.96. Mwendo unarudi, sauti inabaki juu, anakuja hapa kulalamika. Atempo imetengenezwa kulinda kimo cha sauti. Unayohitaji ni asetrate=46080 kisha aresample=48000, kama sauti yako ni ya 48000. Picha nayo setpts=25/24*PTS. Kwenye Audacity tumia kubadilisha kasi, si tempo wala si kimo, na uandike 0.960.

Kabla hujafanya, pima. Baadhi ya DVD za PAL zilishusha sauti kwa makusudi huku picha ikibaki haraka. Ukizishusha tena, zinazama chini ya kinanda.

Na maandishi ya chini ya PAL ukiyaweka kwenye faili la fremu 23.976, baada ya saa moja yanatangulia kama dakika mbili na nusu, na mwisho wa filamu karibu saba. Usiyasogeze yote kwa pamoja, yanyooshe kwa 25/23.976.

#39 BintiMizingani
Na hizi stesheni za kidijitali? Tanzania ilianza kuzima analojia mwisho wa 2012, Kenya ikamaliza 2015. Tatizo si limeisha?

#40 Projekta70
Halijaisha. Kidijitali imebadilisha namna ya kusafirisha, kasi imebaki 25. Filamu ikirushwa leo kwenye king'amuzi bado mara nyingi iko juu. Ya mtandaoni ndiyo iliyo 24. Kwa hiyo mleta uzi atazidi kupata wafuasi.

#41 Sopranino
@Besi_ya_Pili kama lengo ni kuwafundisha watoto kwa kutumia kaseti hiyo hiyo, usiiguse. Vinanda vingi vya elektroniki vina sehemu ya kutunia A. Kwa PAL tupu weka 458.3. Kwa kaseti yako ya sehemu 110, panda nusu toni moja kwa kitufe cha transpose, kisha A iwe 442.5. Ukimaliza rudisha 440, maana mwenye gitaa Jumapili atakulaani.

#42 Besi_ya_Pili
Imekaa! Ahsante. Dai langu la #1 nalirudisha nusu: ya mtandaoni ndiyo halisi. Lakini mwendo wa ile ya TV bado naupenda zaidi, na zile 18 bado zina mwenyewe.

#43 Zumari
Mgombanie 18 zenu. Mimi nina swali: kama aliyeimba ni Bill Lee, Plummer alikuwa anapiga gitaa kweli au nalo alipigiwa?

#44 Kiparapara
Nalo lilisinyaa.